Bei 290, thamani 252: uchambuzi wa kisa kimoja cha uthamini wa nyumba

Mnunuzi na muuzaji wameshakubaliana 290. Benki imemtuma mthamini, naye amerudi na 252. Mnunuzi ana akiba ya 58, yaani asilimia 20 ya bei, na benki hukopesha hadi asilimia 80 ya bei au ya thamani, ile iliyo ndogo. Kwa 290 mkopo ungekuwa 232 na hesabu ingekaa sawa. Kwa 252 mkopo unashuka hadi 201.6, na pengo la 30.4 halina mwenyewe. Muuzaji analalamika kwamba mthamini ameishusha nyumba yake. Dalali anadai mthamini haifahamu mitaa ile. Mnunuzi yuko katikati, hajui amsikilize nani.

Kisa hiki ni cha mfano, kimeundwa kutokana na makosa yanayojirudia katika kazi hii. Fedha zimewekwa kwa vizio visivyo na sarafu, kwa sababu kinachohusika ni uwiano tu. Ada na kodi za uhamisho wa umiliki tumeziacha nje. Mnunuzi amezitengea fungu lake.

Lawama ya muuzaji ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, maana ndiyo inayosikika zaidi. Mthamini hapandishi wala hashushi thamani ya nyumba. Anatoa maoni ya kitaalamu kuhusu kiasi ambacho soko lingelipa siku fulani, na maoni hayo yana uzito kadiri ya ushahidi uliowekwa chini yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja: 252 imetoka wapi, hatua kwa hatua?

Aliulizwa nini hasa

Kabla ya futikamba kuna barua ya kazi. Barua hiyo hutaja mteja ni nani, uthamini ni wa nini, ni thamani ya aina gani inayotafutwa, na ya tarehe ipi. Hapa mteja ni benki, lengo ni dhamana ya mkopo, na kinachotafutwa ni thamani ya soko. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini vinaieleza thamani ya soko, kwa maneno yetu, kuwa ni kiasi kinachokadiriwa ambacho mali ingeuzwa katika tarehe ya uthamini, kati ya mnunuzi na muuzaji walio tayari na wasio na uhusiano, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila mmoja akijua anachofanya, akitumia busara, na bila kushurutishwa.

Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi yake. "Wasio na uhusiano" hutupa nje mauzo ya ndugu kwa ndugu. "Baada ya kutangazwa ipasavyo" hutupa nje bei ya mtu anayetaka fedha kesho asubuhi. "Kila mmoja akijua" ndiyo itakayomuumiza muuzaji katika kisa hiki, kwa sababu mnunuzi aliyekubali 290 alikuwa hajui mambo matatu ambayo mthamini aliyakuta.

Nyumba ileile, siku ileile, ingeweza kupewa namba nyingine kwa lengo jingine. Thamani ya mauzo ya lazima huwa chini. Kiwango cha bima hakihesabu ardhi kabisa. Kuchukua ripoti ya bima na kuipeleka benki kama ushahidi kwamba "nyumba yangu ilithaminiwa juu" ni kosa la kawaida, na benki huirudisha bila maelezo mengi.

Ada ya uthamini alilipa mnunuzi, lakini mteja ni benki. Jambo hili huudhi watu, ila lina sababu. Mthamini anayeajiriwa na mtu ambaye kamisheni yake inategemea mauzo kupita huwekwa kwenye mtihani asiostahili kuwekewa. Marekani ilipotunga sheria ya kurekebisha taasisi za fedha mwaka 1989, baada ya kuanguka kwa benki nyingi za akiba na mikopo, iliweka humo sehemu nzima kuhusu leseni na viwango vya wathamini, kwa kuwa uthamini mbovu ulikuwa miongoni mwa matatizo yaliyojitokeza. Mwaka 2010 ikaongeza masharti ya uhuru wa mthamini.

Mthamini alipewa mkataba wa 290, na ni sahihi apewe. Mkataba ni ushahidi wa dili moja na ni lazima ausome: je, muuzaji anaacha samani? Anamlipia mnunuzi gharama fulani? Hatari ni kuigeuza 290 kuwa shabaha na kuanza kutafuta mauzo yatakayoifikia.

Karatasi, kisha ukuta

Mthamini alianza na hati na ramani ya upimaji. Kiwanja ni mita 20 kwa 31, mita za mraba 620. Kwenye hati kuna haki ya njia iliyosajiliwa: ukanda wa mita 3 upande wa mashariki, kutoka barabarani hadi nyuma, kwa ajili ya jirani wa nyuma. Mita 3 kwa 31 ni mita za mraba 93, asilimia 15 ya kiwanja. Mwenye nyumba anamiliki ukanda huo lakini hawezi kuujengea wala kuuzungushia uzio. Tangazo la mauzo halikuutaja. Ukisimama pale unaona njia ya changarawe yenye maua pembeni, na ungeapa ni sehemu ya bustani.

Kisha vipimo. Tangazo lilisema mita za mraba 214. Mthamini alipima kwa nje, kwa kipimo cha leza, akihakiki kila upande kwa kuulinganisha na upande unaoutazama. Chini: 11.2 kwa 8.5, sawa na 95.2. Juu: 11.2 kwa 6.5, sawa na 72.8. Jumla 168.0.

Zile 46 zimekwenda wapi? Gereji 21, baraza yenye paa 10, na chumba cha darini 15. Zijumlishe na 168 utapata 214 kamili. Hakuna aliyedanganya kwa kubuni namba; mtu alijumlisha kila kilicho chini ya bati. Chumba cha darini ndicho kichekesho: mahali pake parefu zaidi, katikati, ni mita 1.4 kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Mtu mzima hasimami wima humo. Ni stoo, tena stoo nzuri, lakini hakuna mnunuzi anayeilipia kama chumba cha kulala.

Hali ya jengo ilikuwa ya wastani kwa mtaa huo. Juu ya dirisha la jikoni kulikuwa na ufa wa mshazari wa upana wa milimita 2. Mthamini aliumulika tochi akaona rangi ya ukuta imeingia ndani ya ufa wenyewe, maana yake ulikuwepo kabla ya rangi ya mwisho na haujafunguka tena tangu hapo. Akauandika, akaupiga picha na rula pembeni yake, akaendelea. Mthamini si mhandisi. Angekuta ufa mbichi unaoongezeka upana kuelekea juu, kazi yake ingekuwa kusimamisha ripoti na kuomba mhandisi aitwe, si kukisia gharama ya msingi.

Uani kuna kijumba cha mita za mraba 28, kimepangishwa. Kibali chake cha ujenzi hakikupatikana kwenye faili la mamlaka, na muuzaji mwenyewe hakuwa nacho.

Hayo ndiyo mambo matatu: ukubwa, njia ya jirani, kijumba kisicho na kibali.

290 ilitoka wapi

Kabla ya kuona hesabu za mthamini ni vizuri kuona za dalali, kwa sababu hazikuwa za ovyo. Alileta mauzo matano. Mawili yalikuwa bei za kutangazwa, nyumba ambazo bado zilikuwa zinatafuta mteja. Bei ya kutangazwa ni matumaini ya muuzaji. Inaweza kuonyesha dari ya soko, haiwezi kuonyesha mtu amelipa nini. Ya tatu iliuzwa pamoja na samani zote. Ya nne iko ng'ambo ya barabara kuu, upande wenye mfumo wa maji taka, wakati upande huu kila nyumba ina shimo lake. Ya tano ilikuwa safi, na mthamini pia aliitumia: nyumba ya mita za mraba 182 iliyouzwa 268.

Dalali akagawa 268 kwa 182, akapata takriban 1.47 kwa mita. Akazidisha kwa 214, ikaja karibu 315. Kutoka 315 hadi 290 ilionekana kama zawadi kwa mnunuzi. Lakini zile 182 zilipimwa bila gereji wala dari, na zile 214 zimehesabu vyote. Hesabu moja, vipimo viwili tofauti. Makadirio ya kompyuta ambayo mnunuzi aliyapata mtandaoni nayo yalitoa 281, yakaonekana kama shahidi huru, kumbe yalilishwa 214 ileile ya kwenye tangazo.

Kuna kosa la pili ndani ya 1.47, la kina zaidi. Bei kwa mita hubeba ndani yake kiwanja, jiko, bafu, umeme na maji, vitu ambavyo haviongezeki nyumba inapoongezeka mita kumi. Kwa hiyo mita ya ziada huwa na thamani ndogo kuliko wastani. Kutokana na mauzo ya mtaa huo yaliyotofautiana zaidi kwa ukubwa, mthamini alipata kwamba mita ya mraba ya ziada inalipiwa takriban 0.9.

Hesabu ya mthamini

Alichagua mauzo matatu. Nyumba A: 238, miezi 4 iliyopita, mita 160, hali sawa na ya kwetu, haina gereji. Nyumba B: ile ya 268, miezi 7 iliyopita, mita 182, ina gereji, imekarabatiwa. Nyumba C: 229, miezi 2 iliyopita, mita 155, ina gereji, imechoka. Hakuna kati yao yenye njia ya jirani wala kijumba uani.

Sheria ya marekebisho ni moja na wengi huigeuza: unairekebisha nyumba iliyouzwa, si unayoithamini. Iliyouzwa ikiwa na upungufu, unaiongezea; ikiwa imezidi, unaipunguza. Lengo ni kujua ingeuzwa kiasi gani kama ingefanana na ya kwetu.

Tuifuate A yote. Bei za mtaa zimekuwa zikipanda takriban asilimia 0.5 kwa mwezi, kwa hiyo miezi 4 ni asilimia 2, sawa na 4.8, inafika 242.8. Muda hurekebishwa kwanza, kisha mengine hufuata juu ya bei iliyoletwa leo. Ni ndogo kwa mita 8, kwa 0.9 ni 7.2, inafika 250.0. Haina gereji, ongeza 7, 257.0. Haina mzigo wa njia ya jirani, punguza 12, 245.0. Haina kijumba, ongeza 8, 253.0.

Kwa mpangilio huohuo B inatoa 250.8: inaongezwa 9.4 kwa muda, inapunguzwa 12.6 kwa ukubwa na 10 kwa ukarabati, kisha njia na kijumba. C inatoa 249.0.

Mthamini hakuchukua wastani. Alijumlisha ukubwa wa marekebisho ya kila nyumba bila kujali ni ya kuongeza au ya kupunguza: A ilihitaji 39 (asilimia 16.4 ya bei yake), B 52 (asilimia 19.4), C 44 (asilimia 19.2). Kadiri unavyoigusa nyumba kidogo ndivyo ushahidi wake ulivyo imara. A ikapewa uzito zaidi, na namba ikakaa 252.

Ile 8 ya kijumba ilizua kelele kubwa. Muuzaji alikuwa na hesabu yake: kodi ya pango 0.25 kwa mwezi, 3.0 kwa mwaka, gawa kwa asilimia 7.5 (faida ya mwaka ambayo mwekezaji huitarajia kwa fedha anazolipa), unapata 40. Njia ya mapato, yaani kupata thamani kutokana na kodi ambayo mali inaingiza, ni njia halali, lakini hapa ililishwa mapato ghafi. Ukiondoa miezi mitupu, matengenezo na usimamizi, tuseme robo, inabaki 2.25. Na mpangaji wa chumba cha uani hana uthabiti wa mpangaji wa nyumba kamili, kwa hiyo kiwango cha asilimia 9 kinaingia akilini zaidi. Sasa ni 25. Halafu linakuja swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu: mamlaka ikiagiza kibomolewe, 25 hiyo iko wapi? Mnunuzi mwenye busara hulipia stoo yenye kuta nzuri. Ndiyo 8. Ripoti iliandika wazi kwamba kibali kikipatikana, kipengele hiki kitapitiwa upya.

Ngazi za marumaru zilizomgharimu muuzaji 14 hazikupewa mstari wao. Hakuna mauzo yaliyoonyesha mtu akilipa zaidi kwa ajili ya ngazi.

Kama ukaguzi wa pembeni, njia ya gharama: kujenga upya mita 168 kwa 1.05 ni 176.4, gereji 10.5, jumla 186.9. Umri wa kimatumizi, yaani umri ambao hali ya jengo inauonyesha, ni miaka 15 kati ya 60, uchakavu asilimia 25, inabaki 140.2. Ardhi 105, kazi za kiwanja 6, kijumba 8, toa 12 ya njia. Jumla 247.2. Haikupewa uzito mkubwa, kwa kuwa kukadiria uchakavu wa nyumba iliyotumika ni kazi yenye makisio mengi, lakini iliangukia jirani na mauzo. Ingeangukia 290, mthamini angekuwa na deni la maelezo.

Pingamizi

Kulalamika kwa simu hakusogezi kitu, na kumshinikiza mthamini kwa namba unayoitaka kunaweza kumharibia mshinikizaji. Kinachokubalika ni ombi la kupitia upya, kwa maandishi, kupitia benki, likiwa na ushahidi mpya au kosa la wazi.

Barua ya upande wa muuzaji ilikuwa na hoja tatu. Ya kwanza, gharama ya marumaru: ilikataliwa. Ya pili, kwamba mnunuzi mwenyewe amekubali 290: ilikataliwa, maana makubaliano yalitegemea mita 214 na kiwanja kisicho na mzigo. Ya tatu ilikuwa na uzito. Nyumba D, mita 170, ina gereji, hali sawa, na nayo ina njia ya jirani pembeni, iliuzwa 250. Mkataba ulisainiwa siku 5 kabla ya tarehe ya uthamini, lakini ulikuwa haujafika kwenye rejista. Mthamini asingeweza kuuona. Kwa kuwa ni wa kabla ya tarehe, unaruhusiwa kuingia.

D iligusa mahali dhaifu kuliko pote katika ripoti. Ile 12 ya njia ilitokana na jozi moja tu ya mauzo ya kitongoji cha mbali, yaani nyumba mbili zinazofanana, moja yenye njia ya jirani na nyingine isiyo nayo. Sasa kulikuwa na jozi ya mtaani. Ichukue A baada ya muda, 242.8, iongezee mita 10 kwa 0.9 na gereji 7, unapata 258.8: hiyo ndiyo D ingekuwa bila njia. Iliuzwa 250. Tofauti ni 8.8. Mthamini akashusha mzigo wa njia kutoka 12 hadi 9.

A ikawa 256.0, B 253.8, C 252.0. D yenyewe inahitaji kupunguzwa 1.8 kwa ukubwa na kuongezwa 8 ya kijumba tu, inatoa 256.2, na marekebisho yake yote ni asilimia 3.9 ya bei. Ikabeba uzito mkubwa. Ripoti ya pili ilisema 256, ikieleza nini kimebadilika na kwa nini.

Pingamizi lililoshinda, basi, lilileta 4. Zile 34 zilizobaki kufika 290 hazikuwa na mauzo yoyote nyuma yake.

Kwa 256 mkopo ukawa 204.8. Muuzaji, akiwa sasa na vipimo vyote mezani, alishuka hadi 262. Mnunuzi alitoa 57.2 kutoka kwenye akiba yake ya 58. Ndiyo, alilipa 6 zaidi ya thamani, akijua, kwa sababu alitaka nyumba hiyo na si ya jirani. Bei ni yake kuamua, na benki haikuombwa kuibeba ile 6.

Benki iliweka masharti mawili kabla ya kutoa fedha. Muuzaji awasilishe ombi la kurasimisha kijumba, na nakala ya stakabadhi iingie kwenye faili. Na bima ikatwe kwa gharama ya kujenga upya, yaani 186.9 pamoja na gharama za kubomoa, kusafisha na wataalamu, badala ya 256 ambayo mnunuzi alikuwa ameshaijaza kwenye fomu.